Nesi anaumwa: aingie zamu au abaki nyumbani?

Wiki hii barua zote zimetoka kwa wauguzi. Nimestaafu, lakini nimewahi kuingia zamu naumwa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, kwa hiyo simsuti mtu.

Shikamoo mama. Juzi usiku nilitapika na kuharisha, leo nina nafuu. Nina zamu ya mchana wodi ya watoto. Niende?

Marahaba. Usiende. Hesabu saa 48 tangu ulipoharisha au kutapika mara ya mwisho. Norovirusi, kirusi kinacholeta kutapika na kuharisha, huendelea kutoka na kinyesi hata ukijiona mzima, na kitakasa mikono hakiiwezi vizuri kama sabuni na maji tiririka.

Mafua tu je?

Bila homa, vaa barakoa, nawa mikono, na omba usipangwe kwa watoto njiti wala wagonjwa wa saratani. Ukiwa na homa, baki nyumbani mpaka zipite saa 24 bila homa na bila dawa ya kuishusha. Kumeza panadol alfajiri ili kipimajoto kisome 37 ni kujidanganya. Nimefanya, najua.

Nina malaria, nimeanza dawa mseto leo. Si haiambukizi?

Haiambukizi kwa kumhudumia mtu, kweli. Ninachokiogopa ni kichwa chako. Jipime hivi: lita 1 ya dripu iishe kwa saa 8, seti (mpira wa dripu) ni ya matone 20 kwa mililita, matone mangapi kwa dakika? Kama hufiki 42 bila kulishika paji la uso, leo usiguse dozi ya mtu.

Inchaji, muuguzi msimamizi wa wodi, anasema nisipokuja mwenzangu atabaki peke yake usiku kucha. Nafanyaje?

Hapa ndipo wengi tunanaswa, kwa sababu anasema kweli. Tunamwonea huruma mwenzetu, tunajikokota, halafu baada ya siku tatu wodi nzima inakohoa na wauguzi watatu wako kitandani. Kupanga zamu ni kazi ya inchaji. Yako ni kumpigia mapema, si dakika kumi kabla ya ripoti ya kukabidhiana zamu, kisha umwone daktari akuandikie ED, yaani cheti cha kupumzika kazi kwa ugonjwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Cheti cha daktari ndicho kinga yako. Mlioko serikalini, someni pia kanuni za utumishi wa umma.

Nakohoa wiki ya tatu sasa, ila nina nguvu.

Peleka makohozi yakapimwe TB leo, kabla ya zamu.

Macho mekundu?

Baki nyumbani hadi yaache kuchuruzika na kutoa tongotongo. Mliokuwa Dar es Salaam Januari 2024, ugonjwa huu ulipolipuka, hamhitaji kuelezwa zaidi.