Mwanangu, nipe mashuti kwanza

Marahaba, mwanangu.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili nikicheka peke yangu. Mtu mzima mwenye kazi yake unamwandikia mama usiku wa manane kumuuliza kama kijana wa hoki ya barafuni, aliyefunga mabao 9 katika mechi 10 za mwanzo, ataweza kwenda na mwendo huo. Na yote hayo kwa sababu rafiki yako anamtaka kwenye ule mchezo wenu wa timu za kubuni, mnaohesabiana mabao ya wachezaji wa kweli, akupe mkongwe anayefunga mabao yake 35 kila mwaka, nawe unaogopa kuuza dhahabu kwa bei ya shaba. Jina la kijana silitaji humu. Sifa za mapema huvuta kijicho, na sitaki ateguke goti kisha lawama zinirudie mimi.

Kwenda na mwendo huo hawezi. Ukiyatandaza mabao 9 ya mechi 10 kwenye msimu mzima wa mechi 82, unapata kama 74. Kijana wako ndiyo kwanza anaanza ligi, na katika wote waliowahi kucheza msimu wao wa kwanza NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, ni mmoja tu aliyefika huko, Teemu Selänne, aliyefunga 76 msimu wa 1992-93. Hata Auston Matthews, ambaye kwa kufunga zama hizi wachache wanamkaribia, msimu wake mnono wa 2023-24 aliishia 69. Hapo hatuna ubishi.

Lakini naona si hilo hasa linalokukosesha usingizi. Unataka kujua kama kijana ni mfungaji kweli au ni upepo tu umempitia. Umeniandikia "nyota njema huonekana asubuhi". Sawa, lakini asubuhi hiyo tuitazame vizuri.

Mabao yake usinitajie kwanza. Nipe mashuti. Nimekaa nikayahesabu: katika mechi hizo 10 amepiga mashuti 27 yaliyolenga lango, na 9 yameingia. Moja katika kila matatu. Kwenye ligi nzima, shuti linaloingia ni kama moja katika kumi. Craig Simpson, anayeshikilia rekodi ya ligi kwa asilimia ya mashuti yaliyoingia maishani mwake, hakufika hata 24. Kwa hiyo ama kijana wako ni bora kuliko wapigaji wote waliowahi kuvaa viatu vya kutelezea, ama baadhi ya mabao yale yamemwangukia.

Na yamemwangukia, nimeyaona. Lile la nne alikuwa anampasia mwenzake upande wa pili, kisahani, ambacho kwao ndio mpira, kikagonga kiatu cha beki na kujipenyeza kati ya miguu ya kipa. Yeye mwenyewe aliinua mikono kwa kuchelewa, kama mtu aliyeitwa jina lake asisikie vizuri. La saba lilikuwa la lango tupu, kipa wao akiwa ameshaitwa benchi ili aongezwe mshambuliaji wa sita. Mabao hayo yanahesabiwa kama mengine, sikatai, ila huwezi kuyapangia bajeti.

La pili na la tisa ni habari nyingine. Uyatazame tena bila kukiangalia kisahani, umwangalie yeye tu. Mabeki wote wawili wanamfuata mwenye kisahani kwenye kona, na yeye anapunguza mwendo, anajifanya kama anakwenda kubadilishwa, kisha anajitumbukiza katikati mbele ya lango, gongo tayari limeshashuka barafuni. Pasi inafika, anapiga bila kuituliza. Hiyo si bahati. Ni mtu anayejua nafasi itafunguka wapi sekunde moja kabla haijafunguka, na jambo hilo haliondoki eti kwa sababu Desemba imeingia.

Basi tupige hesabu ya duka. Amebakiwa na mechi 72. Akiendelea na mashuti yake mawili na kitu kwa mechi, 2.7 kwa hesabu kamili, atapiga kama 194 zaidi. Tuseme asilimia 12 yaingie, kiwango cha heshima kwa mshambuliaji wa kawaida mwenye mkono mzuri. Hayo ni 23. Jumlisha na 9 aliyonayo, unapata 32. Ukimpa asilimia 14, anafika 36. Kwa kijana wa miaka 20 hiyo ni neema, na iko pale pale alipo huyo mkongwe wa rafiki yako.

Hapa kuna kosa moja ambalo hata baba yako hulifanya, na tumeshabishana hadi chai ikapoa. Yeye husema, "Amefunga sana sasa, lazima atalipa baadaye." Halipi kitu, baba wee! Lango halina daftari la madeni. Mabao 9 yako mfukoni, hakuna atakayemnyang'anya. Kinachotarajiwa ni kwamba kuanzia kesho atafunga kama mtu wa kiwango chake. Kufunga chini ya kiwango hicho ili mizani ikae sawa hakumo kwenye sheria yoyote. Ndiyo maana katika hesabu yangu nimeanzia na 9 nikajumlisha mbele, sikurudi nyuma kukata.

Ila ukame unaweza kumkuta, na ukimkuta usipige kelele. Matthews alicheza mechi yake ya kwanza tarehe 12 Oktoba 2016 kule Ottawa akafunga mabao manne, na timu yake ya Toronto ikafungwa 5-4 pamoja na hayo. Baada ya mechi sita alikuwa na mabao sita. Kisha zikapita mechi 13 hana hata moja. Walioanza kumwita mfalme wakaanza kusema ligi imemshtukia. Mashuti yalikuwa yanapigwa, makipa wanayakamata tu. Msimu ulipokwisha alikuwa na 40.

Upande wa pili wa sarafu ni Patrik Laine, aliyechaguliwa wa pili nyuma ya Matthews mwaka ule ule, timu za ligi zilipogawana vijana wapya. Huyu hakuwa wa kubahatisha: msimu wa kwanza mabao 36, wa pili 44, na mashuti yaliyoingia yalipita asilimia 17 miaka yote miwili. Halafu ikaja Novemba 2018. Tarehe 24, dhidi ya St. Louis, alipiga mashuti matano yakaingia yote matano. Mwezi ule peke yake alifunga 18. Mtu mwenye macho angesema anakwenda 60. Kuanzia Desemba hadi mwisho wa msimu alifunga 9 tu, akaishia 30. Mkono ulikuwa ule ule. Lakini mchezaji ambaye mabao yake mengi yanatoka kwenye shuti la mbali, akisubiri kuletewa, ana mlango mmoja tu. Ukifungwa huo, anabaki nje.

Hili nalijua kwa kulipata golini. Unakumbuka nilikuwa kipa wa mpira wa magongo shuleni, ule wa kwenye nyasi. Alikuja msichana mgeni akafunga karibu kila mechi ya muhula wa kwanza, mimi mwenyewe akanifunga matatu siku moja. Nikakesha nikimfikiria. Siku nyingine nikaona kitu: kabla ya kupiga, mguu wake wa kushoto hugeuka kidogo kuelekea kona anayoitaka. Basi. Nikawaambia makipa wenzangu, na wao walikuwa wameshaona yao. Muhula wa pili alifunga kidogo sana. Sisi tulikuwa na macho tu. Hawa wa NHL wana watu walioajiriwa kukaa na video kutwa nzima, na kijana wako tayari ana mafaili kwenye meza zao. Akishikwa mlango mmoja, ana mwingine? Kwa lile bao la pili na la tisa, nadhani anao. Kwa shuti lake la mbali bado sijashawishika.

Basi mambo ya kumchunga ni mashuti yake na dakika anazopewa, hasa zile ambazo wapinzani wamepungukiwa mtu kwa adhabu. Mabao yake matatu yametoka huko, na nafasi hiyo aliipata kwa sababu mwenzake ni majeruhi. Mwenye nafasi akirudi, kocha atamweka wapi? Hilo linanitia shaka kuliko asilimia yoyote. Alexander Ovechkin msimu wake wa kwanza, 2005-06, alifunga 52, na ukigawa kwa mashuti unapata asilimia 12 tu na kitu kidogo. Alipiga mashuti 425. Mtu anayepiga kiasi hicho hahitaji bahati imtembelee mara kwa mara, na miaka karibu ishirini baadaye, Aprili 2025, aliivunja rekodi ya mabao 894 ya Wayne Gretzky. Kijana wako kwa mwendo wa sasa atafika mashuti 221. Natamani yawe 250.

Sasa biashara yako. Kama mchezo wenu unakwisha msimu huu, chukua mkongwe na umshukuru rafiki yako kwa adabu, maana 35 za uhakika ni afadhali kuliko 32 za kukadiria. Kama mnaruhusiwa kubaki na wachezaji hadi msimu ujao, usimwachie, hata akikuongezea mtu. Hujaniambia ni upi kati ya hiyo miwili, na ndilo jambo la kwanza ulilopaswa kuandika.

Baba yako anakusalimu, anasema wewe uza tu. Jumamosi kijana anacheza tena. Mimi nitakuwa nimelala, kwa hiyo nitumie idadi ya mashuti, na kama aliyeumia amerudi kikosini.

Mama yako