Maswali ya Wasomaji: Kasoro Zinazofichwa Farasi Anapouzwa Baina ya Watu Binafsi

SWALI: Mheshimiwa Mshauri, nilinunua farasi dume aliyehasiwa, mwenye umri wa miaka 9, kutoka kwa mtu binafsi aliyetangaza kwamba anamuuza kwa sababu binti yake amekwenda chuoni. Tulipofika tulimkuta amekwisha kutandikwa, ametulia kama maji ya mtungini, na mwanangu alimpanda kwa nusu saa bila tatizo lolote. Siku ya 12 tangu tumlete alianza kulaza masikio nyuma kila alipoliona tandiko, kesho yake akasimama kwa miguu ya nyuma, na sasa anachechemea mguu wa mbele wa kushoto, hasa akizungushwa kwenye ardhi ngumu. Muuzaji anasema kwake alikuwa mzima na kosa ni letu. Hatukumwita daktari wa mifugo kabla ya kununua, kwa kuwa muuzaji alionekana mtu mwema na alitukaribisha vizuri sana. Je, tumelaghaiwa? Na kama ndivyo, tufanye nini?
Mnunuzi mwenye majuto

JIBU: Huenda mmelaghaiwa, lakini uliyoyaeleza hayatoshi kuthibitisha hilo, nami nisingependa umwendee muuzaji ukiwa na hasira bila ushahidi. Farasi aliyehamishwa hutenganishwa na wenzake, hubadilishiwa chakula na ratiba, na pengine huwekewa tandiko lisilomkaa vizuri mgongoni. Mambo hayo peke yake yanaweza kumfanya farasi mpole awe mkaidi, na yanaweza hata kumletea vidonda vya tumbo, ambavyo humfanya achukie kufungwa ukanda wa tandiko. Ukaidi wa farasi wako, basi, unaweza kuelezeka bila kumtuhumu mtu. Kinachonitia shaka ni kwamba ukaidi na kuchechemea vimejitokeza karibu pamoja, na kwamba mlimkuta amekwisha kutandikwa.

Jambo hilo la tandiko wanunuzi wengi huliona kuwa ukarimu. Kumbe katika biashara hii uongo mkubwa kwa kawaida hausemwi kwa mdomo, bali hupangwa kwa saa. Muuzaji halazimiki kuapa kwamba farasi wake hana kasoro, maana inamtosha kukuonyesha farasi huyo katika saa ambayo kasoro imelala. Farasi mwenye viungo vigumu akitembezwa kwa muda kabla hujafika, ugumu hulainika. Mwenye papara akikimbizwa asubuhi mpaka achoke, utampanda mchana ukadhani utulivu ndiyo tabia yake, na anayemng'ata mtu wakati wa kufungwa ukanda, ukimkuta amekwisha kufungwa, hutajua ugomvi uliotangulia. Hata majira hutumika. Farasi ambaye ngozi yake hudhurika kwa kuumwa na visubi huuzwa msimu wa baridi, visubi wakiwa hawapo, na yule anayetikisa kichwa bila kukoma, ugonjwa ambao kwa wengi huja na jua la msimu wa joto, huuzwa wakati huohuo. Mwenye pumu huwekwa nje kwenye hewa safi na kulishwa nyasi kavu zilizoloweshwa maji ili vumbi lisimkere, na kikohozi kikapungua kwa siku za kutosha kumaliza biashara, ingawa mtu anayejua kutazama ataona ubavuni mstari wa msuli uliojengeka kwa miezi mingi ya kusukuma pumzi kwa nguvu.

Dawa hufupisha kazi hiyo yote. Fenilbutazoni, ambayo imetumika kwa farasi tangu miaka ya 1950, ni dawa halali na yenye manufaa inapotolewa na daktari, lakini ikitolewa kwa siri kabla ya mnunuzi kufika, humfanya farasi mwenye maumivu atembee kana kwamba hana, kisha nguvu yake ikiisha baada ya siku chache, maumivu hurudi yakiwa kwenye banda la mtu mwingine. Dawa za kutuliza akili nazo hazilingani. Asepromazini hufanya kazi kwa saa chache tu na huacha dalili ambazo mtu mzoefu huzitambua, kama vile kope zilizolegea, kichwa kilichoinama na, kwa dume, uume unaoning'inia bila kurudi. Za kuogopwa zaidi ni reserpini na flufenazini, kwa sababu zinaweza kumtuliza farasi kwa siku nyingi, hata wiki kadhaa, bila yeye kuonekana amelewa. Siku zenu 12 zinaingia vizuri katika hesabu hiyo, ila hesabu peke yake haimhukumu mtu.

Upo pia ufichaji wa kisu. Farasi mwenye maumivu ya kudumu katika sehemu ya nyuma ya ukwato anaweza kufanyiwa upasuaji wa kukata neva zinazopeleka hisia huko, akaacha kuchechemea ilhali ugonjwa unaendelea kula mfupa chini kwa chini. Upasuaji wenyewe ni tiba inayojulikana, na ulaghai uko katika kunyamaza. Papasa pande zote mbili za nyuma ya mguu, juu kidogo ya visigino vya ukwato, utafute makovu madogo. Kisha daktari ainue mguu na kubonyeza visigino kwa ncha ya kalamu farasi akiwa haoni, atazame kama anashtuka. Neva zilizokatwa huweza kuota tena baada ya muda, na hapo kuchechemea hurudi.

Sasa niseme la kufanya. Mwite daktari leo, asiwe yule aliyekuwa akimtibu farasi huyo kwa muuzaji, naye achukue damu kwanza kabla hajampa dawa yoyote. Fenilbutazoni huenda imekwisha kutoka mwilini, lakini dawa za muda mrefu zinaweza bado kuonekana. Kisha atafute mahali panapouma kwa kutia ganzi sehemu baada ya sehemu, akianzia chini ya mguu, na apige picha za eksirei. Picha hizo ndizo tegemeo lenu, kwa kuwa mabadiliko makubwa ya mfupa hayatokei ndani ya siku 12, na daktari akiyaona anaweza kuandika kwamba yalikuwapo kabla hamjanunua. Mwombe pia autazame ukwato wenyewe, ambao ni kalenda isiyojua kusema uongo. Ukuta wa ukwato hukua takriban milimita 6 hadi 10 kwa mwezi kuanzia kwenye nywele kushuka chini, kwa hiyo pete zinazopanuka kuelekea kisigino, ambazo huachwa na laminitisi, yaani uvimbe wenye maumivu ndani ya ukwato, zikionekana sentimita 3 chini ya nywele, zinasimulia jambo lililotokea miezi mitatu hadi mitano iliyopita, farasi akiwa bado mali ya yule aliyewakaribisha vizuri.

Wakati huo msimpande, msimuuze kwa mtu mwingine, wala msimpe matibabu yatakayofuta ushahidi. Hifadhini tangazo na kila ujumbe mlioandikiana. Hapa ndipo mauzo ya watu binafsi yanapotofautiana na ya mfanyabiashara. Nchini Uingereza, kwa mfano, Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 humpa aliyenunua kwa mfanyabiashara siku 30 za kurudisha mali yenye kasoro, lakini aliyenunua kwa mtu binafsi hutegemea zaidi kuonyesha kwamba farasi hakulingana na maelezo aliyopewa, au kwamba aliambiwa jambo lisilo la kweli likamshawishi kununua. Sheria za nchi nyingine zina vipimo vyake, na wakili wa kwenu ndiye atakayekueleza vyenu. Hata hivyo swali la kwanza atakalokuuliza ni lilelile: muuzaji alisema nini, na limeandikwa wapi? Aliyekaa kimya mbele ya mnunuzi asiyeuliza huwa na nafasi kubwa ya kuponyoka. Mchunguzeni pia kama kweli ni mtu binafsi, kwa kuwa wapo wafanyabiashara wanaojivika sura ya familia inayouza farasi wa binti ili kukwepa wajibu wao, nao hujulikana kwa nambari moja ya simu inayojirudia katika matangazo ya farasi wengi.

Mkija kununua tena, fikeni mapema kuliko saa mliyopangiana, mguseni farasi kifuani na chini ya mahali pa tandiko kama ana joto au jasho lililokauka, ombeni atandikwe mbele yenu, na mmiliki ampande kwanza. Rudini siku nyingine bila kutoa taarifa ndefu. Mlipeni daktari afanye uchunguzi kamili. Ule wa Uingereza una hatua tano, kuanzia farasi akiwa amesimama bandani, akitembea na kwenda telki (mwendo wa kasi kuliko kutembea, polepole kuliko shoti), akipandwa kwa mwendo wa shoti, akipumzishwa, hadi akirudishwa kwenye telki, na damu yake huhifadhiwa kwa miezi 6 ili ipimwe mgogoro ukizuka. Muuzaji anayekataa damu isichukuliwe amekwisha kuwajibu.

SWALI: Naonyeshwa farasi jike ambaye muuzaji anasema ana miaka 8, ila karatasi zake zimepotea. Rafiki yangu anasema meno yatatuambia umri wake hasa. Ni kweli?
Msomaji wa kudumu

JIBU: Ni kweli kwa farasi kijana, na kadiri umri unavyosonga ukweli huo hupungua. Meno ya mbele ya utotoni hubadilishwa kwa mpangilio unaotegemeka: ya katikati karibu na umri wa miaka miwili na nusu, yanayofuata miaka mitatu na nusu, na ya pembeni miaka minne na nusu, hivyo farasi wa miaka 5 ana meno yote ya ukubwani. Baada ya hapo tunatazama vishimo vyeusi kwenye sehemu ya kutafunia ya meno ya chini, ambavyo husagika na kutoweka kati ya miaka 6 na 8 hivi, pamoja na mfereji mwembamba kwenye jino la pembeni la juu, ambao huanza kuonekana kwenye ufizi farasi akiwa na miaka 10, hufika nusu ya jino karibu na miaka 15, na hulijaza jino lote karibu na 20. Ukiona mfereji huo umefika katikati ya jino la farasi unayeambiwa ana miaka 8, huna haja ya kubishana, aga uondoke.

Tahadhari ni mbili. Hila ya kuchonga vishimo vipya kwenye meno ya farasi mzee na kuvitia rangi nyeusi ni ya zamani sana, na hugunduliwa kwa sababu kishimo cha bandia hakina ukingo wa enameli, tabaka gumu la jino, unaokizunguka kile cha asili. Pili, malisho yenye mchanga na tabia ya kung'ata mbao husaga meno haraka, kwa hiyo baada ya miaka 10 hivi mtaalamu mwaminifu atakupa makadirio tu.

Mimi karatasi zilizopotea zinanisumbua kuliko umri. Katika nchi za Umoja wa Ulaya farasi waliozaliwa tangu Julai 2009 wanatakiwa kuwa na chipu shingoni, kifaa kidogo cha kielektroniki chenye nambari, inayolingana na pasipoti, yaani kitabu cha utambulisho wa farasi, na katika nchi nyingine nyingi farasi wa mashindano huwa nayo. Mwombe daktari apitishe kisoma chipu, aandike nambari yote, kisha muulize mtunza kumbukumbu za chipu hizo farasi huyo amesajiliwa kwa nani. Karatasi zikipatikana ghafla baada ya wewe kusitasita, linganisha kila alama nyeupe ya usoni na miguuni na mchoro uliomo, kwa sababu pasipoti ya farasi mmoja imewahi kutembea na farasi mwingine.

SWALI: Mimi ni muuzaji. Farasi wangu jike hung'ata ubao na kumeza hewa akikaa bandani peke yake, lakini malishoni hafanyi hivyo. Jamaa zangu wananishauri nimuuze akiwa malishoni, funika kombe mwanaharamu apite. Je, ni lazima niseme?
Mwenye farasi

JIBU: Jamaa zako hawatakuwa upande wako barua ya wakili itakapofika. Tabia hiyo si ndogo kama inavyosemwa. Husaga ukingo wa mbele wa meno ya juu, kiasi kwamba mnunuzi mwenye macho ataigundua hata malishoni, na imehusishwa na aina fulani ya msokoto wa utumbo unaoweza kumuua farasi. Ndiyo sababu agizo la Ujerumani la tarehe 27 Machi 1899 liliiweka miongoni mwa kasoro kuu sita za farasi, pamoja na pumu, kukoroma kwa koo na uvimbe wa macho unaojirudia, na kumpa mnunuzi siku 14 za dhamana. Utaratibu huo ulifutwa mwaka 2002 sheria za mauzo zilipobadilishwa, lakini Ufaransa bado inayo orodha ya namna hiyo, na tabia ya farasi wako imo.

Tamka mwenyewe kabla hujaulizwa, tena kwa maandishi. Katika tangazo andika hivi: «Hung'ata ubao na kumeza hewa akifungiwa bandani peke yake; hajaonekana akifanya hivyo malishoni; hajawahi kuugua msokoto wa tumbo tangu niwe naye», ikiwa sentensi hiyo ya mwisho ni kweli. Bei itashuka kidogo, na wengine hawatapiga simu. Atakayekuja atakuwa mtu mwenye malisho ya kutosha na asiyejali banda, na huyo mwonyeshe farasi bandani kwanza, kisha malishoni, halafu mtie sahihi nyote wawili chini ya sentensi hizo, kila mmoja abaki na nakala yake.