Namba ya msumeno wa pembe na kona za Mji Mkongwe

Kazi ilikuwa Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwenye nyumba ya zamani ya mawe na chokaa: kupiga skatini, yaani ubao unaozunguka chini ya ukuta, chumba kimoja tu. Nilipima kona kwa beveli, kile kifaa cha kuchukulia pembe, nikapata digrii 94. Nikagawa kwa mbili, 47. Nikazungusha meza ya msumeno wa pembe, ule wa umeme unaoshuka juu ya mbao na kuikata kwa pembe unayotaka, mpaka 47, nikakata vipande viwili vya mkangazi vya unene wa milimita 20, nikavikutanisha. Mbele, pale macho ya mgeni yanapoangukia, likabaki pengo la milimita 4 hivi. Nikapima upya, kona ni ile ile 94. Nikakata tena, pengo lile lile. Mkangazi si mbao ya kuchezea, na wewe unayeanza sitaki upoteze mbao kama nilivyopoteza mimi.

Kwenye mashine hii sifuri haina maana ya digrii sifuri za kona. Sifuri ni mkato ulionyooka, ule unaokaa digrii 90 na urefu wa mbao. Namba unayoisoma inakwambia bledi imeuacha mkato huo kwa kiasi gani. Kwa hiyo ukishapata nusu ya kona, itoe kwenye 90. Kona ya 94, nusu yake 47, mashine unaiweka 43. Kona ya 88, nusu yake 44, mashine unaiweka 46. Kona ikipanuka namba inashuka. Ikibana, namba inapanda. Mimi ningeiacha mashine kwenye 45 bila hesabu yoyote, kosa lingekuwa nusu ya lile nililolifanya. Na kosa hili linajificha kwa muda mrefu, kwa sababu kwenye kona ya 90 kamili njia zote mbili zinakupa 45. Fundi anaweza kumaliza miaka kwenye nyumba za matofali asiligundue, mpaka siku aitwe Malindi au Shangani kwenye kuta zilizojengwa kwa mkono na jicho.

Lakini hesabu yote hiyo ni bure ikiwa sifuri ya mashine yenyewe imehama. Mashine ikitoka dukani, ikisafirishwa kwa gari, ikianguka hata mara moja, usiiamini. Chomoa plagi kwanza. Usizime tu, chomoa. Teremsha bledi uifunge chini, kisha chukua skwea nzuri, kile kipimo cha pembe ya digrii 90, upande mmoja uegemeze kwenye kiegemeo, yaani kile chuma cha nyuma tunachobania mbao, upande wa pili uguse bledi. Uguse bati lake, usiguse meno: ncha za meno ni nene kuliko bati, zitakudanganya. Ukiona mwanga kati ya skwea na bledi, legeza bolti za kiegemeo, kisogeze mpaka mwanga upotee, kaza bolti moja moja huku ukiangalia, maana kukaza nako kunakivuta. Mashine nyingine kinachosogezwa ni sahani ya namba, kwa hiyo angalia yako ilivyo. Halafu simamisha skwea juu ya meza, pima bledi imesimama wima. Hapo kuna bolti ya kikomo inayosimamisha kichwa, yaani mota pamoja na bledi, kisilale, rekebisha hiyo. Mshale wa namba uwe wa mwisho kuguswa.

Sasa jaribu kwa mbao. Tafuta ubao wa upana wa sentimita 10 au zaidi, uliopigwa randa kingo zake zikawa sambamba. Kata katikati. Kipande kimoja kigeuze juu chini, ili ukingo uliokuwa mbele uende kwenye kiegemeo, kisha kutanisha pale ulipokata. Kama kuna kosa, unaliona mara mbili ya ukubwa wake. Kwa ulalo wa kichwa fanya hivyo hivyo, ila ubao uusimamishe kwa ubavu. Mimi naupenda mtihani huu kuliko skwea yoyote, maana skwea nayo huanguka.

Meza kuzunguka ni pembe moja. Kichwa kulala ni pembe ya pili. Zikifanya kazi pamoja ndiyo mkato wa pembe mbili. Kwa konishi ya dari, ule ubao wa urembo unaokaa kiulalo kati ya ukuta na dari, inayokaa digrii 45 na ukuta, ukiilaza chali mezani, kona ya 90 inataka meza 35.3 na kichwa 30. Ile inayokaa digrii 38 na ukuta inataka meza 31.6 na kichwa 33.9, ndiyo sababu mashine nyingi zina alama kwenye 31.6, usidhani ni kosa la kiwanda. Kona isiyo ya 90 inabadili namba zote mbili, kwa hiyo Mji Mkongwe mimi huisimamisha konishi juu chini, nikiiegemeza kama itakavyokaa, nikazungusha meza peke yake.

Wanaonunua mtumba, tazameni kibao cha voti kabla ya bei. Umeme wetu ni voti 230. Mashine yenye plagi ya njano ya mviringo kutoka maeneo ya ujenzi ya Uingereza ni ya voti 110, na za Marekani ni 120. Ukiichomeka moja kwa moja, mota itaungua.

Mkono usikaribie bledi chini ya sentimita 15, na kipande kifupi kisichoshikika kibane kwa klempu. Subiri bledi ishike mwendo wake kamili ndipo ushuke, polepole. Ukimaliza achia swichi, uiache ikiwa chini mpaka isimame kabisa, ndipo uinue. Vijana wengi huinua bledi ingali inazunguka, ikarusha kipande. Na ukikata mvule funga barakoa. Vumbi lake linawasha kifua.

Siku hizi kwenye kona ya namna ile ya Kiponda natanguliza vipande viwili vifupi vya mbao ya kutupa. Nakata kwa 43, navibana ukutani, natazama pengo liko mbele au nyuma. Likiwa mbele nashusha nusu digrii, likiwa nyuma napandisha. Ikikaa sawa, naandika namba kwa penseli ukutani, chini kabisa, pale skatini itakapofunika, ndipo nainua mkangazi.