Kifaa kilekile, matokeo mbalimbali

SWALI: Nchi moja hutangaza kwamba kifaa cha kumwonya dereva anapozidisha mwendo kimepunguza ajali sana, nyingine yasema kidogo tu. Nani aaminiwe? Na kwa nini Ulaya, Marekani na Japani zinahangaika kupatana namna ya kupima?

JIBU: Kabla ya kumwamini yeyote, uliza wamelinganisha nini na nini. Jaribio la barabarani huhitaji kipindi cha msingi: gari linarekodi kila kitu kifaa kikiwa kimezimwa, kisha kinawashwa, kwa madereva walewale na barabara zilezile. Msingi ukichukuliwa wakati wa theluji na jaribio likafanywa kiangazi, umepima hali ya hewa. Mwongozo wa FESTA, wa namna ya kuendesha majaribio kama haya barabarani, uliotoka Ulaya mwaka 2008, unataka maswali na vipimo viamuliwe kabla ya gari la kwanza kuondoka. Wengi huiruka hatua hiyo.

Ajali zenyewe ni chache mno kuhesabika ndani ya miezi michache, kwa hiyo hupimwa mwendo na umbali kati ya gari na gari, halafu ajali hukadiriwa kutokana na hivyo. Kwa kanuni ya Nilsson, inayokadiria ajali kwa kugawa mwendo mpya kwa wa zamani na kuzidisha jibu kwa lenyewe mara kadhaa (idadi hiyo ndiyo kipeo; hapa ni 4, yaani 0.95 × 0.95 × 0.95 × 0.95), wastani wa mwendo ukishuka kwa asilimia 5, ajali za vifo hushuka kwa takriban asilimia 19. Mwingine akitumia kipeo cha 3, anapata 14. Ndiyo maana wataalamu wa pande hizo tatu waliandaa utaratibu wa pamoja wa kutathmini magari yanayojiendesha: eleza kiwango cha kujiendesha (gari linafanya kazi kiasi gani bila dereva), aina ya barabara, msingi uliotumika, na sehemu gani ya magari barabarani ina kifaa. Hilo la mwisho ndilo husahaulika.