Mzee Anapoomba Dawa ya Maumivu: Kwa Mtoa Dawa Anayeanza Kazi

Wazee wengi watakaofika dukani kwako hawataeleza wanaumwa nini, watataja dawa. Bibi atasema, "Nipe diklopa, mwanangu, magoti yananimaliza," na kwa kuwa pesa ameshaiweka mezani na foleni imemrundikia mgongoni, utajiona huna budi kumpa. Mwamkie, mpe kiti kama kipo, kisha umuulize anatumia dawa gani nyingine. Ukimuuliza kwa jumla atajibu kwamba hatumii chochote, kwa sababu kidonge cha presha anachomeza kila asubuhi miaka nenda miaka rudi hakihesabu tena kuwa dawa, na mitishamba ndiyo kabisa. Uliza moja moja: ya presha, ya sukari, ya moyo, ya kupunguza maji mwilini, ya vidonda vya tumbo, ya kienyeji. Kama amefuatana na mjukuu, mtume akalete mfuko wote wa dawa pamoja na kadi ya kliniki. Humo utakuta bahasha zilizoandikwa "1x3" bila jina la dawa, na si ajabu mbili kati yake zikawa na dawa ileile iliyonunuliwa maduka mawili.

Ninasisitiza swali hilo kwa sababu dawa inayoombwa zaidi ndiyo unayopaswa kuiogopa zaidi. Diklofenaki, ibuprofeni, meloksikamu na piroksikamu ni za ukoo mmoja: zote huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali ambazo huchochea maumivu na uvimbe, lakini ambazo pia hulinda ukuta wa tumbo na kuiacha wazi mishipa inayoingiza damu kwenye figo. Kijana mwenye figo nzima hulistahimili jambo hilo kwa siku chache. Mzee anayetumia losatani au enalaprili (za presha) pamoja na haidroklorothiazaidi au furosemaidi (za kupunguza maji mwilini) yuko mahali pengine kabisa, kwa kuwa dawa moja imempunguzia maji mwilini, nyingine imelegeza mshipa unaotoa damu kwenye figo, na sasa wewe unamwongezea ya tatu inayoubana mshipa wa kuingizia. Akipata kuhara kwa siku mbili tu, figo zinaweza kusimama. Hata zisiposimama, presha hupanda na miguu huvimba, kisha kliniki humwongezea dawa ya presha ilhali kisababishi kimo mfukoni mwake. Wala majibu ya kreatinini, kipimo cha damu cha kupimia figo, yasikutulize haraka: mzee aliyekonda ana misuli kidogo, hivyo huzalisha kreatinini kidogo, na kipimo kinaweza kusoma kawaida wakati figo zimeshachoka.

Wengine wataomba sindano wakiamini kwamba inalikwepa tumbo. Hailikwepi, kwa maana dawa hulidhuru tumbo hata ikipitia kwenye damu. Aliyewahi kuwa na vidonda vya tumbo, anayetumia wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), mwenye moyo dhaifu, au anayeeleza kwamba anapata choo cheusi kama lami, usimpe dawa yoyote ya ukoo huo. Huyo wa mwisho aende hospitali siku hiyohiyo.

Anza na parasetamoli, lakini uieleze vizuri. Mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mzee mwenye uzito chini ya kilo 50, mlevi au mgonjwa wa ini hapaswi hata kukaribia kiwango hicho. Kadirio la miligramu 15 kwa kila kilo linatosha kwa dozi moja, kwa hiyo bibi wa kilo 40 anastahili kidonge kimoja, si viwili. Ile diklopa aliyoitaja ni mchanganyiko wa diklofenaki na parasetamoli. Akiongeza Panadol juu yake amemeza parasetamoli mara mbili bila kujua.

Tuseme ukweli pia kwamba kwa magoti yaliyosagika parasetamoli husaidia kidogo tu. Hapo mimi huona jeli ya diklofenaki ni chaguo bora kuliko kidonge, kwa kuwa inayoingia kwenye damu ni kidogo sana. Apake gotini, kisha anawe mikono. Mfundishe kushika mkongojo kwa mkono wa upande wa goti zima (karibu wote hushika upande unaouma), na kunyoosha mguu akiwa ameketi kitini ili misuli ya paja ipate nguvu.

Anayesifu unga wa kienyeji uliomwondolea maumivu yote kwa usiku mmoja, huku uso umemvimba na sukari imepanda, mshuku kuwa ndani ya unga huo anameza steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, kama prednisoloni au deksamethasoni. Usimwamuru aache ghafla, kwani mwili uliozoea steroidi unaweza kuanguka. Mpeleke kwa daktari akiwa na unga wenyewe mkononi. Maumivu ya kuunguza yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi nayo ni ya daktari, maana amitriptilini inayotumika huko huweza kumchanganya mzee akili, kumzibia mkojo ikiwa tezi dume yake imekua, na kumwangusha anapoamka usiku. Tramadoli huleta kizunguzungu cha namna hiyo, na haifai kwa mwenye kifafa.

Mofini ya maji utakutana nayo kwa wagonjwa wa saratani, na ndugu watakunong'oneza kwamba ni dawa ya kufia. Waeleze kwamba ni dawa ya maumivu makali, na kwamba Hospice Africa ya Uganda, iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993, imekuwa ikiitumia kwa wagonjwa wanaouguzwa majumbani mwao. Kichefuchefu chake kwa kawaida hupungua baada ya siku chache, lakini kufunga choo hakuishi. Ukipokea cheti cha mofini kisicho na dawa ya kulainisha choo, yaani bisakodili wala sena, mpigie daktari aliyekiandika kabla mgonjwa hajaondoka.