Tumbili Hawalipi Kiingilio

Dada mmoja wa Arua ameniandikia: bustani ya umma mjini kwao imezungushiwa mabati, afanye nini? Jibu langu ni kisa changu mwenyewe, kwa hiyo avumilie.

Kibustani cha mtaa wetu hapa Kampala kilipopigwa mabati, mimi nilikimbilia kipaza sauti. Nikaitisha mkutano, nikanukuu Ibara ya 39 ya Katiba ya 1995, inayompa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya. Walikuja watu tisa. Wawili walikuwa wanajikinga mvua.

Miezi ya kumfuata mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, niiruke. Kilichonizindua ni bustani ya mimea ya Entebbe. Nilichangisha nauli, nikawapakia kwenye taksi, zile basi ndogo zetu, watoto kumi na mmoja wa kule bondeni, ambako mvua ikinyesha usiku mama hupandisha godoro juu ya meza. Bustani ile, iliyoanzishwa 1898, inateremka hadi ukingoni mwa Ziwa Victoria. Watoto walikimbia mpaka kandambili zikapotea. Kisha binti wa miaka saba, aliyeniona nikihesabu noti mlangoni, akaniuliza: "Anko, mbona tumbili hawalipi kiingilio?"

Nilikosa la kusema. Lakini swali hilo nililisimulia kwenye steji ya boda, kwa wakaanga chapati, kwa kina mama wa sokoni. Walicheka, halafu wakakasirika. Mkutano wa pili ulijaa. Kila mmoja akataja mti aliokuwa akipumzika chini yake. Nikaandika barua kwa Sheria ya Kupata Taarifa ya 2005, inayompa ofisa siku 21 kujibu: nani aliruhusu mabati haya? Upande mmoja yakang'olewa. Wa pili bado wanaegesha magari.

Redioni akasifiwa mtu mwingine, ambaye siku ya watu tisa hakuonekana. Nimemsamehe, karibu.

Ninyi vijana mnaojiita watetezi wa mazingira, punguzeni makongamano ya hotelini! Pelekeni watu bustanini kwanza, wakae, wale, watoto wachafuke. Vifungu vya sheria vitasubiri.

Dada wa Arua, anza kwa kuwatafuta waliokuwa wakikaa hapo kabla ya mabati. Nakala ya barua yangu nitakutumia. Ukiipeleka, usiondoke bila mhuri wa kupokelewa. Ya kwanza niliiacha mezani, wakaniambia hawajawahi kuiona.