Maswali ya Wasomaji: Fanksheni za C++ ndani ya GPU

SWALI: Kwenye kerneli yangu (fanksheni inayoendeshwa na GPU) ya CUDA, mfumo wa NVIDIA wa kuandikia programu za GPU, sinf inapita bila tabu, lakini std::max inagoma. nvcc, kompaila ya NVIDIA, inadai naita fanksheni ya __host__ kutoka ndani ya __global__ (alama ya kerneli). Kwani zote si za maktaba sanifu ya C++? – Msomaji, Arusha

JIBU: Ni za maktaba hiyo, ila moja tu ndiyo iliyoandikiwa mwili wa pili. Faili lako la .cu husomwa mara mbili, kwa ajili ya prosesa kuu (CPU) na kwa ajili ya GPU. Fanksheni isiyowekewa alama huhesabiwa kuwa ya __host__, yaani ya prosesa peke yake, na std::max inatoka kwenye faili za GCC au Visual Studio, ambazo __device__, yaani alama ya fanksheni za GPU, haziijui kabisa. sinf imetangazwa upya na NVIDIA: kompaila huigeuza kuwa __nv_sinf, kisha huchota mwili wake kutoka libdevice.10.bc, faili la fanksheni za hesabu za GPU lililomo kwenye folda ya nvvm/libdevice. Ndiyo maana anayetumia Clang, kompaila nyingine, akikosea --cuda-path (njia ya folda ya CUDA) huambiwa libdevice haionekani.

Kwa std::max dawa ipo. Tangu C++14 ni constexpr, yaani inaweza kukokotolewa wakati wa kukompaili, hivyo ongeza --expt-relaxed-constexpr kwenye amri ya nvcc ili fanksheni za aina hiyo ziruhusiwe ndani ya GPU. Clang haihitaji chaguo hilo, kwani constexpr huihesabu kuwa ya pande zote mbili. Msimbo uliopita huko usishangae ukikwama kwa nvcc. Lakini chaguo hilo haliokoi kila kitu: std::sort haikuwa constexpr hadi C++20, na std::vector usihangaike nayo ndani ya kerneli, ipe kerneli pointa ya data na urefu wake tu. Kwa array, tuple na complex, andika cuda::std:: badala ya std::.

Kwa float wengi hukimbilia fmaxf badala ya std::max. Sawa, ila angalia NaN (thamani isiyo namba): fmaxf(NaN, 3.0f) hutoa 3, ilhali std::max(NaN, 3.0f) hutoa NaN, na ukigeuza mpangilio hutoa 3. Kama NaN ndiyo alama yako ya data iliyokosekana, matokeo yataharibika bila onyo lolote.

SWALI: printf ndani ya kerneli wakati mwingine haichapishi kitu, wakati mwingine mistari ya mwanzo inapotea. – Msomaji, Mombasa

JIBU: printf ya GPU haiandiki kwenye skrini. Huandika kwenye bafa ya duara (nafasi ya muda ya kumbukumbu) yenye MB 1, na bafa hiyo humwagwa unapoita, kwa mfano, cudaDeviceSynchronize. Programu ikiisha kabla ya hapo, maandishi yamekwenda. Bafa ikijaa, mapya hufuta ya zamani. Iongeze kwa cudaDeviceSetLimit na cudaLimitPrintfFifoSize kabla ya kurusha kerneli, au bora zaidi, ruhusu uzi (thread) mmoja tu uchapishe: if (threadIdx.x == 0 && blockIdx.x == 0).

SWALI: Nimeweka -use_fast_math, chaguo la nvcc la hesabu za haraka, kasi imepanda lakini majibu yamehama. – Msomaji, Dodoma

JIBU: Kila sinf imekuwa __sinf, toleo lake la haraka, ambayo usahihi wake unahakikishwa kati ya −π na π tu, pembe ikizidi hapo, kosa hukua. Kugawanya na kipeuo cha pili navyo vimelegezwa, na namba ndogo mno zinafanywa sifuri. Ondoa chaguo hilo, kisha andika __sinf kwa mkono pale tu penye kazi nzito na pembe ndogo.